Nilivyotumwa na Mjomba Uwanjani Same

Mjomba wangu nilimzidi umri. Mama yangu ni mzaliwa wa kwanza wa bibi, na mjomba alikuwa kitinda mimba. Bibi alimzaa wakati mama bado ananibeba mgongoni. Nimeambiwa kwamba bibi alikuwa amechoka na maziwa hayakumtoka vizuri, kwa hiyo mama alitunyonyesha sote wawili. Nilipoanza kupata akili nilimkuta yupo, mwembamba, masikio makubwa, na kila mtu nyumbani akiniambia: huyu ni mjomba wako.

Kwetu milimani neno hilo halisemwi ovyo. Mjomba ananawa kwanza, na mpwa ndiye anayemshikia maji. Kipande cha kwanza cha nyama ni chake. Kutia tonge kinywani huku mjomba wako amekaa mikono mitupu ni aibu ambayo hata mtoto asiyejua kufunga kifungo anaijua. Mimi nilikuwa nimemzidi kichwa na mabega, lakini kila asubuhi nilimwendea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umelala salama?"

Aliitikia kwa sauti nzito ambayo hakuwa nayo, mikono nyuma, kama mzee wa kanisa. Watu wakishapita alicheka na kunipiga teke la goti.

Amekufa masika haya. Sijui kuandika mambo makubwa, na sikusoma sana, kwa hiyo nitaandika habari ya siku moja tu, siku tuliyocheza mpira wa kikapu kule Same.

Tulisoma pamoja katika chuo cha ualimu, chuo kidogo cha misheni kilichokuwa milimani juu ya Same, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu ukiwa unateremka, na wa siku nzima ukiwa unapanda. Ukimaliza pale unapewa cheti cha kufundisha madarasa ya chini, nacho ndicho kinachonilisha mpaka leo. Walimu walikuwa wachache. Mmoja alikuwa mmisionari kijana kutoka Amerika, ambaye sote tulimwita Bwana. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini hakuona haya kukisema. Ndiye aliyeleta mpira, ukiwa umefungwa kwenye sanduku pamoja na vitabu, na ndiye aliyekwenda kwa kina mama jirani kuomba wamsukie kikapu kisicho na tako.

"Kisicho na tako?" akauliza mama mmoja. "Maharage yatakaa wapi, Bwana?"

"Hakuna maharage. Mpira unaingia juu, unatoka chini."

Mama yule akawageukia wenzake. "Basi huo mpira una kazi gani humo ndani?"

Walicheka mpaka wakakaa chini, lakini walisuka. Mhunzi akafua pete mbili za chuma, tukazipigilia kwenye nguzo za mkaratusi, vikapu vikaning'inizwa kwenye pete. Siku ya kwanza Bwana alisimama mbali, mbali kiasi kwamba tulidhani anatania. Akaushika mpira kama mtu anayeshika kibuyu kilichojaa, akakunja magoti kidogo, akauachia. Ulipanda polepole, ukasimama pale juu kama unaofikiri, kisha ukashuka ndani ya kikapu bila kugusa chuma. Hakuna aliyecheka. Nimekwisha kuona gari moshi likiingia stesheni, na asubuhi zenye anga safi nimeuona mlima wa Kibo ukiwa mweupe juu ya mawingu. Kimya kile cha uwanjani kilikuwa cha namna hiyohiyo. Mjomba, aliyekuwa amesimama mbele yangu, alivua kofia yake.

Tangu hapo alishikwa na mchezo ule kuliko sisi sote. Jumamosi aliomba ruhusa ya kuupaka mpira mafuta ya mkia wa kondoo ili ngozi isipasuke. Alimuuliza Bwana sheria zote, hata zile ambazo Bwana mwenyewe ilibidi akatazame kitabuni. Alikuwa mfupi na mikono yake haikuwa na nguvu ya kurusha, lakini alikuwa na kitu ambacho sikukiona kwa mwingine: alijua kila mtu yuko wapi bila kugeuza shingo. Alitoa mpira ubavuni mwake bila kutazama, na mtu alikuwepo.

Uwanja wetu tulikuwa tumeuchimba ubavuni mwa mlima. Lilipigwa baragumu la msaragambo, yaani kazi ya wote, na watu wa kijiji wakaja na majembe na kutusaidia kukata kilima mpaka tukapata mahali palipokaribia kuwa sawa. Palikaribia tu. Udongo ulikuwa laini na wenye unyevu karibu mwaka mzima, kwa hiyo mpira ukiudunda haurudi. Unalala pale kama ng'ombe aliyechoka, kisha unaanza kubingirika kuelekea bondeni, unapita kwenye migomba, unaangukia mfereji unaopeleka maji kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Sheria yetu wenyewe ilikuwa kwamba aliyeuangusha ndiye anayeufuata. Ukirudi umepanda mlima mzima.

Kwa sababu hiyo tulijifunza kutokuuachia kamwe. Ulitoka mkononi ukaingia mkononi, kama tunavyopeana mawe siku ya kutengeneza ukuta wa ndiva, ambapo ukiangusha jiwe litamwangukia mwenzako mguuni. Bwana alikuwa akilia na sisi: "Dundeni! Mtadunda lini?" Tulimwambia, "Bwana, udongo haukubali." Alijaribu mwenyewe, mpira ukaenda mferejini, na sheria ikamhusu naye. Alikwenda.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na mwanafunzi mrefu wa tambarare, mtoto wa wafugaji, ambaye akinyoosha mkono karibu aifikie pete. Mchezo wetu wote ulikuwa ni kumfikishia yeye mpira. Akishaupata tulisimama na kutazama. Kisha akamaliza masomo, akapewa shule ya kufundisha mbali, akaondoka na sanduku lake kichwani. Haukupita muda, ikaja salamu kutoka chuo kingine, cha upande wa Moshi. Watapanda gari moshi mpaka Same, sisi tushuke, tukutane siku ya soko tucheze.

Bwana alituita barazani baada ya masomo. Alikuwa ameegemeza ubao ukutani, amechora juu yake duara tano kwa chaki, na ile ya karibu na kikapu ameifuta kwa kidole.

"Mrefu amekwenda," akasema. "Sasa ninyi. Nani anapanda mahali pake?"

Tulitazamana.

Akaanza kutupitia mmoja mmoja. Mmoja wetu alikuwa ndugu wa mhunzi na mabega yake yalikuwa mapana. Huyo Bwana alimwambia asimame chini ya kikapu asisukumwe na mtu yeyote. Mwingine alikuwa na mbio, akaambiwa mbio bila macho si kitu, ajifunze kusimama. Wa tatu alikuwa mchekeshaji wetu, na Bwana alimwambia aongee kidogo na kukaba zaidi.

"Nitakaba kwa mdomo, Bwana," akasema. "Wakicheka wanalegea."

Kisha Bwana akanielekezea chaki mimi. "Wewe ni mrefu kama yule. Unaruka kuliko yule, nimekuona unaruka mfereji na gunia. Tangu nije hapa hujatupa mpira kikapuni hata siku moja. Kwa nini?"

 Mchekeshaji akanijibia.

"Bwana, mjomba wake yupo."

"Yupo wapi?"

"Huyu hapa."

Bwana alimtazama mjomba, ambaye miguu yake haikugusa chini pale alipokaa kwenye benchi. "Huyu? Huyu si mtoto?"

"Ni mtoto, Bwana. Na ni mjomba wake."

Wote wakacheka, hata mjomba. Bwana hakucheka. Akaja karibu nami, akainama. "Ukishika mpira, unampa yeye. Kila mara. Yeye hawezi kufunga. Kwa nini unampa?"

"Ni mjomba wangu, Bwana."

"Hilo nimesikia. Nauliza kwa nini unampa mpira."

Nilikuwa nimekwisha kumjibu.  Jambo lenyewe halikuwa hata la kufikiri. Mpira ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote pale uwanjani, na ukinifikia, na mjomba yupo mikono mitupu, mikono yangu ilimpa. Ndivyo walivyonilea. Nadhani kama ningeutupa mwenyewe, nikafunga, na watu wakashangilia, ningetafuta mahali pa kujificha.

Bwana akamwita mjomba pembeni, wakaongea kidogo, mjomba akiitikia kwa kichwa. Aliporudi hakuniambia neno.

Aliniambia siku tuliyoshuka. Tuliondoka alfajiri, ukungu umelala kwenye migomba, pete zetu mbili tumezibeba begani kwa zamu na vikapu vimevaliwa kichwani na mchekeshaji, kimoja juu ya kingine. Mjomba alitembea mbele yangu, mpira kwapani.

"Mjomba," akasema bila kugeuka, kwani naye aliniita hivyo, "Bwana amesema nusu ya kwanza ikiisha hujatupa mpira kikapuni, mimi natoka."

"Unatoka wapi?"

"Uwanjani. Nakaa benchi, mwingine anaingia mahali pangu. Amesema mimi nikiwa sipo, wewe utatupa."

 "Atarudi kukuingiza?"

"Hapana. Amesema si kwa Same tu. Kama hivyo ndivyo ilivyo, basi nafasi yangu imekwisha."

Aliuhamisha mpira kwapa la pili. Nilijua amelala nao usiku ule, kwa sababu blanketi lake lilinuka mafuta ya kondoo. Alikuwa na kitu hicho kimoja duniani alichokipenda hivyo, na kilikuwa kimewekwa mikononi mwangu.

"Nitatupa," nikasema.

"Usinitazame. Fanya kama sipo."

"Ndiyo, mjomba."

"Nione kama jiwe."

"Ndiyo, mjomba."

Akageuka, akacheka kidogo. "Hilo jiwe mbona unaliitikia?"

Tulipotoka kwenye miti ya mwisho tambarare ilifunguka yote mara moja, nyekundu na ya kijivu, na reli ikipita katikati kama uzi. Tulisimama. Chini kabisa Same ilikuwa mabati machache yanayometa. Tuliposhuka mpaka huko, na joto likatushika shingoni, niligeuka kutazama nyuma, nikaona milima yetu. Sikuwahi kuitazama kutoka chini namna ile, bila kuwa na mzigo wa kuharakisha. Ilisimama ya bluu, mikubwa, vichwa vimeingia mawinguni, na mahali tulipoamka asubuhi hapakuonekana. Nilishangaa kwamba watu wanaishi huko, na kwamba watu hao ni sisi.

Uwanja ulikuwa kiwanja kitupu karibu na stesheni. Tulisimamisha nguzo tulizoazimwa na watu wa reli, tukafunga pete zetu. Watu wa sokoni walijaa: kina mama waliotoka milimani na ndizi zao, Wahindi wamesimama milangoni mwa maduka, Wamaasai wameegemea fimbo kwa mguu mmoja, na Waislamu wa mjini wenye kofia nyeupe waliokuja na mikeka yao kukaa kabisa. Wenzetu wa Moshi walishuka garini wamevaa raba nyeupe, wote. Sisi tulikuwa pekupeku.

"Wa mlimani," akasema mmoja wao, "viatu mmevisahau au mmevila?"

"Tumeviacha vipumzike kwa ajili yako," mchekeshaji akamjibu. "Tukikushinda utavihitaji kukimbilia."

Kisha mjomba aliuachia mpira. Uliteleza tu kwapani. Ulianguka kwenye ardhi ile ngumu, ukarudi mpaka kifuani kwake. Akaudaka, akautazama. Akauachia tena, kwa makusudi, ukarudi tena. Akanitazama, uso wake umefunguka kama mtu aliyeitwa jina na asiyemjua. "Mjomba," akasema taratibu, "huku mpira unarudi wenyewe."

Wenzetu walijua. Walidunda kama wapiga ngoma, wakapita katikati yetu, wakafunga, wakafunga tena. Sisi tulipoupata tulipeana mkono kwa mkono, haraka, na watu wakaanza kupiga makofi kwa sababu mpira haukugusa vumbi. Lakini kufunga hatukufunga. Kila mara uliishia kwangu, karibu na kikapu, hakuna wa kunizuia, kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko wote uwanjani. Nilijiambia ni jiwe, ni jiwe. Kisha pembeni ya jicho niliona masikio yale makubwa, na mikono yangu ikampa. Naye aliurusha kwa nguvu zake zote, kutoka chini kama anayerusha gunia kwenye lori, ukagonga chuma au haukufika hata kwenye chuma. Mara moja alinirudishia, nami nikamrudishia. Tulifanya hivyo watu wakacheka.

"Hao wanakaribishana chakula," mtu akasema.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Bwana alikuwa amekwisha kumwambia mchezaji wa akiba avue shati. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Alimwekea mjomba mkono begani. "Pole," akasema. "Nilisema."

Mjomba alikaa chini mavumbini, magoti juu, akiushika mpira. Nilichuchumaa mbele yake. Sikuweza kuomba msamaha kwa kuwa sikujua namna ya kuomba msamaha kwa heshima. Mama mmoja wa milimani, muuza ndizi, alileta kibuyu cha maji, akampa mjomba, na mjomba, akiwa bado anawaza mambo yake, akanipa mimi bila kunywa.

"Mpelekee Bwana kwanza," akasema.

Nilisimama, nikampelekea Bwana. Niliporudi mjomba alikuwa amesimama. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo bado naiona.

"Umempelekea," akasema.

"Si umenituma?"

"Maji ulikuwa nayo mkononi. Una kiu. Mimi sijanywa. Na ukayapeleka, hukuona haya."

"Umenituma, mjomba."

Akaenda moja kwa moja kwa Bwana. "Bwana, niache dakika chache za mwanzo. Chache tu. Kisha nitoe."

Bwana alitazama saa yake, akamtazama wa akiba aliyekwisha vua shati, akatutazama sisi. Sijui aliona nini. "Chache," akasema.

Tukaingia. Mpira ukapita kwa ndugu wa mhunzi, ukafika kwa mjomba. Hakunirushia. Alikuja nao mpaka nilipo, akipenya chini ya kwapa za watu, akaniwekea mikononi kama mtu anayekabidhi, na akasema kwa Chasu, lugha yetu, kwa ile sauti ya asubuhi, ile nzito ambayo haikuwa yake:

"Mpwa wangu, nakutuma. Nenda pale juu, kaniwekee."

 Nilitumwa, basi nikaenda. Mpira haukuwa wangu tena, ulikuwa mzigo wa mjomba, na mtu aliyebeba mzigo wa mjomba wake hapiti mbele ya yeyote. Nilikunja magoti nikaruka. Nilikuwa nimeruka mifereji maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuruka kwenda juu tu, bila ng'ambo. Niliona pete ikinijia usoni, niliona mshono wa kikapu waliousuka kina mama, niliona hata nyuma yake, paa la stesheni, na milima. Nikauweka. Sikuutupa. Niliuweka kama mtu anayeweka yai kwenye kiota, nikashuka.

Uwanja ulinyamaza kama siku ile ya kwanza kule juu. Kisha kina mama wauza ndizi, ambao walikuwa wamesikia Chasu na kuelewa, wakapiga vigelegele. Mmoja akapaza sauti kwa Kiswahili ili na wengine wajue: "Kijana katumwa na mjomba wake huyo! Mpisheni!"

Basi Same nzima ikawa nayo. Tulifunga tena, na tena, kila mara mjomba akija mpaka kwangu na kunituma. Watu wa mikekani walimpigia kelele: "Akirudi mtume na chumvi!" "Mtume sigara dukani!" Wenzetu wenye raba nao wakaelewa. Wakaacha kunikaba mimi, wakamzingira mjomba, wawili, watatu, wakubwa kwake wote, ili asiweze kunifikia. Mpira ukaja kwangu kutoka kwa mwingine, nikasimama nao. Nilimtafuta. Nilimwona katikati ya viuno vya watu, kidole kimenyooshwa.

"Mjomba," akapiga kelele, "sikukutuma mara moja tu! Nimekutuma kutwa nzima! Mpaka filimbi!"

Nikaenda.

Tangu hapo hakuugusa tena. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wengi waliokuwepo hawakuliona, walikuwa wananitazama mimi kwa kuwa niliruka. Yeye aliyeupenda mpira ule kuliko wote, aliyelala nao, alimaliza mchezo akikimbia upande wa pili wa kikapu, mbali nao, akipunga mikono na kupiga kelele kama ndiye atakayepewa, na watatu wenye raba wakimfuata kila aendako. Kila alipowapeleka, upande wangu palibaki wazi.

Wapo watakaokuambia tulishinda. Hatukushinda. Filimbi ililia tukiwa nyuma kidogo, nao wakatushika mikono, na yule wa viatu akamwambia mchekeshaji, "Viatu vyako viendelee kupumzika, leo sikuvihitaji." Wa akiba alikuwa amekwisha kuvaa shati lake tena zamani. Bwana alikuja mpaka katikati ya uwanja, uso mwekundu kwa jua, akasimama mbele ya mjomba.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimtuma, Bwana."

"Wapi?"

Mjomba akaonyesha kikapu. "Pale."

Bwana alikitazama kikapu. Kisha akatoa chaki mfukoni, ambayo sijui kwa nini alikuja nayo Same, akampa mjomba.  Tuliporudi chuoni Jumatatu, ubao ulikuwa bado barazani na duara ile iliyofutwa bado imefutwa, na Bwana alimwambia mjomba aichore yeye, popote anapotaka. Alicheza mpaka tulipomaliza. Hakuna aliyezungumza tena habari ya benchi.

Mimi nilipewa shule karibu na nyumbani. Yeye alipelekwa mbali zaidi, milimani upande wa Bombo, akaoa huko, akafundisha watoto kuandika na, nasikia, kupeana mpira wa majani ya migomba bila kuuangusha. Nilimtembelea kila likizo. Nilikuwa nimekwisha kuota mvi moja mbili, yeye hana. Nilimkuta mlangoni, nikasema shikamoo mjomba, akaitikia na mikono nyuma.

Masika haya mvua ilimkuta njiani akirudi shule. Kikawa kichomi. Nililetewa habari na dereva wa lori, nikatembea, nikafika wamekwisha kuchimba. Mwinjilisti aliomba, tukaimba. Kisha watu wakaanza kutia udongo, mmoja mmoja, na nikaambiwa nianze mimi, mpwa. Nilichukua udongo kwa mikono miwili. Ulikuwa laini na wa baridi, udongo ule wa kwetu usiorudisha kitu.

Nikasimama. Watu walidhani nalia, lakini sikuwa nalia. Nilikuwa nasubiri. Udongo uko mkononi, na mikono yangu haikujua kutangulia mbele ya mjomba bila neno lake, haijawahi kujua. Watu wakaanza kutazamana.

Mke wa mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni ya kaburi, ameshikwa na wenzake. Ni mwanamke kijana, mdogo kwangu sana, nami humwita mama. Habari ya Same alikuwa ameisikia mpaka akaichoka, alikuwa akimzomea mjomba akianza kuisimulia. Akainua uso.

"Nenda," akasema. "Amekutuma. Kamwekee."

Nikapiga magoti ukingoni, nikanyoosha mikono chini mpaka ilipofika, nikaweka.